Safu Nne

Fomu ina safu nne, na Jumatatu mkuu anaitaka:
kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, mbali na matarajio.
Majina arobaini na saba, darasa la sita,
na penseli niliyoichonga kwa wembe.
Nimekalia tairi la trekta ukingoni mwa uwanja,
uwanja wetu unaoinamia Nzoia
hata timu inayoshambulia upande wa chini
huanza na bao moja mfukoni.
Ng'ambo, dohani la kiwanda cha karatasi limesimama bila moshi
kama mtoto aliyeinua mkono darasani, akasahau swali.

Wepukhulu.
Muhula wa kwanza aliupiga mpira kwenye miwa kila kipindi,
mpira wa matambara na kamba ya katani,
dakika kumi zikaisha tukiutafuta.
Nikampa adhabu niliyopewa mimi: mizunguko sita.
Akakimbia. Akakimbia akinitazama.
Nami filimbi mdomoni, nikajiona mwalimu,
hadi asubuhi niliyosema, "Leo tunajifunza mbio za masafa,"
na darasa zima likauliza kwa sauti ya chini:
"Tumekosa nini, mwalimu?"

Usiku ule sikulala.
Kesho yake nikamkabidhi Wepukhulu debe la majivu: chora mistari.
Akafunga uzi kwenye vijiti, akapiga magoti,
akafumba jicho moja kama mwashi.
Mistari imenyooka kuliko barabara ya Bungoma,
na ole wake anayeikanyaga kabla ya filimbi!
Mpira hauendi tena kwenye miwa.
Safu ya mistari iliyonyooka, nimeitafuta, sijaiona.

Nelima.
Jina hili limechakaa kwenye rejista:
kando yake nilikwangua neno, kwa wembe huu huu.
Mada ilikuwa kubingiria mbele.
Mkeka wetu ni magunia mawili yaliyojazwa maganda ya mahindi.
Wote walibingiria, hata Simwero
aliyetua kama gunia la tatu.
Nelima alisimama, mikono imeibana sketi mapajani.
Nikahesabu hadi tano. Hadi kumi.
Nikaandika, kwa wino: mkaidi.

Wiki tatu neno likakaa pale,
hadi Nabwile aliponifuata penye mfereji:
"Mwalimu, si kila mtu ana cha kuvaa ndani ya sketi."
Basi. Akaendelea kunawa.

Chuoni nilifundishwa hatua zote:
kidevu kifuani, viganja chini, mgongo uwe gurudumu.
Hili halikuwamo.

Ijumaa nikanunua kaptura sita za mitumba, sokoni Webuye,
nikaziacha kwenye dawati la nyuma,
nikatoka, nikajifanya natafuta chaki.
Nelima akabingiria.
Si vizuri. Alikwenda upande, akatua kwenye nyasi,
akakaa pale na makapi nyweleni,
akasema, "Tena,"
akarudi mwisho wa foleni.
Niambie, uliyeitunga fomu:
"tena" ni safu ya ngapi?

Mwalimu Makokha wa Hisabati amepita sasa hivi:
"Nikopeshe kipindi cha Jumatano. Kwako si mchezo tu?"
Amekopa vipindi kumi na vitatu.
Mtu wa hesabu, na deni halijui.

Leo niliwapa vipande vya karatasi wajipime,
kisha wanipime mimi.
Wengi wameandika "vizuri". Simwero amechora mpira.
Kimoja hakina jina, herufi zimelalia kushoto:
"Mwalimu hupuliza filimbi kabla hatujachoka.
Lakini siku hizi anauliza.
Anakaribia matarajio."

Mvua inateremka kutoka Chetambe. Itaifuta mistari.
Wepukhulu ameshang'oa vijiti, ameukunja uzi,
debe amelisogeza chini ya paa, hakutumwa na mtu.
Fomu nimeitia ndani ya shati.
Bado majina arobaini na saba.